Unasoma Nakala Ipi? Hotuba kwa Wanaoanza Utafiti wa Ushairi wa Enzi ya Victoria

Walimu wangu, ndugu wanafunzi wa uzamili, wageni wetu: nashukuru kwa kunipa nafasi hii. Naomba nianze na kijitabu cha kurasa 47.

Ukurasa wake wa jina unasema ni soneti za E. B. B., zimepigwa chapa mjini Reading mwaka 1847, na hazikukusudiwa kutolewa kwa umma. E. B. B. ni Elizabeth Barrett Browning, na humo ndani mna soneti za mapenzi alizomtungia Robert Browning kabla hawajaoana Septemba 1846. Kwa miaka mingi wakusanyaji wa vitabu waliamini kwamba hiyo ndiyo chapa ya kwanza, iliyoitangulia ile ya 1850 inayojulikana na wote. Hadithi iliyokisindikiza ilikuwa tamu pia. Mhakiki Edmund Gosse aliandika mwaka 1894 kwamba asubuhi moja huko Pisa, Italia, mapema mwaka 1847, mke alimtilia mumewe bunda la karatasi mfukoni, akakimbilia chumbani kwake. Ukweli ni kwamba Browning aliziona soneti hizo mwaka 1849, wakiwa Bagni di Lucca. Kijitabu kingewezaje kutoka 1847?

Hakikutoka. Ni cha kughushi. Aliyekitengeneza ni Thomas James Wise, mkusanyaji wa vitabu aliyeheshimiwa kuliko karibu wote wa zama zake, na mwenziwe katika kazi hiyo alikuwa Harry Buxton Forman, mhariri wa washairi Keats na Shelley. Walioufichua ughushi huo ni wauza vitabu wawili vijana, John Carter na Graham Pollard, waliotoa uchunguzi wao mwaka 1934. Naomba tuutazame uchunguzi huo kwa utulivu, maana ndani yake mna karibu kila kitu ambacho mtafiti wa ushairi huu anatakiwa kukijua kabla hajaanza kuhakiki.

Kwanza waliusikiliza ukimya. Kitabu kinachopigwa chapa ili wagawiwe marafiki huacha alama: jina la rafiki aliyepewa, mkono wa mtunzi, jalada lililotiwa na mwenyewe wa kwanza, sentensi moja ya shukrani katika barua. Nakala za Reading hazikuwa na lolote kati ya hayo. Zote zilikuwa safi, kana kwamba hazijapata kufunuliwa. Ushahidi wa namna hii hautoshi peke yake, kwa kuwa barua hupotea na majalada hubadilishwa. Ila unatosha kumtia mtu shaka, na shaka ndiyo inayompeleka kwenye hadubini.

Pili, karatasi. Karatasi ya Uingereza hapo mwanzo ilitengenezwa kwa matambara. Nyasi za esparto ziliingia viwandani kuanzia 1861, na rojo ya mbao iliyopikwa kwa kemikali ikaanza kutumika 1874. Carter na Pollard walichukua vipande vidogo vya kurasa, wakavipima chini ya hadubini. Kijitabu chenye tarehe ya 1847 kilikuwa na nyuzi za mbao zilizopikwa kwa kemikali. Hapo shauri limekwisha, lakini hawakuishia hapo.

Tatu, herufi za risasi. Katika fonti za zamani kichwa cha herufi f na mkia wa herufi j huchomoza nje ya kipande cha risasi kinachozibeba. Sehemu hiyo inayochomoza huvunjika kirahisi, basi baadaye wakachonga f na j zilizokunjwa zikae ndani ya kipande chake. Fonti iliyotumika katika kijitabu kile ilikuwa na f na j za aina hiyo mpya, za baada ya 1880. Tena alama yake ya kuuliza haikuwa ya fonti hiyo. Ilichanganywa kutoka fonti nyingine. Mchanganyiko huo ni kama kovu usoni. Wakautafuta katika vitabu vingine, wakaukuta kwenye chapa ya kuigiza ya shairi la Matthew Arnold, Alaric at Rome, ambayo Wise mwenyewe aliitoa mwaka 1893, na hiyo ilitaja mpiga chapa wake: Richard Clay & Sons. Basi kitabu "cha Reading" kilizaliwa kwenye kiwanda kimoja na vitabu vya Wise.

Nne, matini yenyewe. Njia hii ilikuwa imeshatumika mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20 Cook na Wedderburn, wahariri wa kazi zote za mhakiki wa sanaa John Ruskin, waligundua kwamba vijitabu viwili vilivyodaiwa kuwa chapa za kwanza za Ruskin vilibeba masahihisho aliyoyafanya miaka ya baadaye. Mghushi alikuwa amenakili kutoka toleo jipya bila kujua kuwa mtunzi alibadilisha maneno. Njia hii haihitaji maabara. Inahitaji macho, subira, na nakala mbili mezani.

Wise alikufa mwaka 1937 bila kukiri, na maktaba yake ikanunuliwa na British Museum mwaka huohuo. Katika miaka ya 1950 mtafiti David Foxon alionyesha kwamba Wise alikuwa akichana kurasa za tamthilia za kale ndani ya jumba hilohilo ili kukamilisha nakala zake, kwa hiyo baadhi ya kurasa zilizoibwa zilirudi nyumbani kwa kulipiwa. Nalitaja kwa sababu moja. Wise ndiye pia aliyeandika bibliografia za Browning, za Tennyson, za Swinburne. Orodha hizo bado ziko rafuni na zimenakiliwa katika katalogi nyingi. Ukikuta "chapa ya kwanza" inayotajwa humo peke yake, isiyo na barua wala tangazo la gazeti la wakati huo, isimamishe hadi uithibitishe kwingine.

Lakini mghushi ni tatizo la nadra. Tatizo la kila siku ni watunzi wenyewe, ambao hawakuacha mashairi yao yatulie.

Chukueni In Memoriam ya Alfred Tennyson, maombolezo ya rafiki yake Arthur Henry Hallam, aliyefia Vienna tarehe 15 Septemba 1833 akiwa na umri wa miaka 22. Kitabu kilitoka 1850 bila jina la mtunzi. Leo tunasema kina sehemu 131, ukiacha utangulizi na hitimisho. Chapa ya kwanza ilikuwa na 129. Sehemu ya 59 iliongezwa 1851, na ya 39 ikaongezwa karibu na 1870. Kwa hiyo ile sehemu mashuhuri tunayoiita ya 95, pale mshairi anapozisoma barua za marehemu usiku na kuhisi roho yake imegusana na roho nyingine, kwa msomaji wa 1850 ilikuwa ya 93. Mhakiki wa mwaka huo akitaja namba 93, nawe ukafungua 93 ya toleo lako, utahakiki shairi lingine kabisa na utamshutumu bure mtu aliyekwisha kufa.

Tena katika sehemu hiyohiyo Tennyson alibadilisha neno moja. Kuanzia 1850 mshororo ulisema His living soul, yaani roho hai ya Hallam. Katika miaka ya 1870 ukawa The living soul, na roho ikakosa mwenyewe. Je, ni rafiki au ni Mungu? Tasnifu nzima kuhusu imani ya Tennyson inaweza kusimama au kuanguka kwenye silabi hiyo moja, na nimeona makala zinazoijadili imani ya mwaka 1850 kwa kunukuu neno la miaka ya 1870.

Soneti za Elizabeth nazo hivyohivyo. Chapa ya 1850 ilikuwa na soneti 43 katika mfululizo. Moja, yenye kichwa kuhusu wakati ujao na uliopita, ilichapwa kando. Mwaka 1856 akaiingiza, zikawa 44. Ile inayosomwa kwenye arusi dunia nzima, inayoanza kwa kuuliza "nakupendaje?", ilikuwa ya 42 kabla ya kuwa ya 43.

Na kuna Edward FitzGerald, ambaye anatugusa sisi moja kwa moja. Tafsiri yake ya rubai za Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, ilitolewa 1859 na muuza vitabu Bernard Quaritch, nakala 250, bila jina la mfasiri, na ikakosa wanunuzi hadi ikashushwa kwenye kisanduku cha vitabu vya peni moja. Chapa hiyo ina beti 75. Ya 1868 ina 110. Za 1872 na 1879 zina 101. Sasa, Shaaban Robert alimleta Omar Khayyam katika Kiswahili, kitabu kikatoka 1952, naye alipitia Kiingereza cha FitzGerald. Atakayetaka kulinganisha Kiswahili na Kiingereza aanze kwa kuhesabu beti, kisha atazame ubeti wa kwanza: katika chapa ya 1859 asubuhi inarusha jiwe ndani ya bakuli la usiku, katika zile za baadaye jua ndilo linalozifukuza nyota. Ukilinganisha na chapa isiyo yake, utamlaumu mfasiri kwa kuacha beti ambazo huenda hakuziona, au utamsifu kwa ubunifu ambao ni wa FitzGerald.

Sasa kazi yenyewe ya kulinganisha matini. Chagueni shairi, si kitabu kizima. Tengenezeni orodha ya kila mahali lilipochapwa mtunzi akiwa hai: jarida, kitabu cha kwanza, matoleo yaliyosahihishwa, kazi zilizokusanywa. Hapo jihadharini na tarehe. Mwaka ulio kwenye ukurasa wa jina haulazimu kuwa mwaka wa kutoka, kwa sababu vitabu vilivyotolewa msimu wa Krismasi mara nyingi vilipewa mwaka unaofuata. Mashairi ya Tennyson yenye tarehe ya 1833 yalikuwa madukani Desemba 1832.

Halafu fungueni jedwali kwenye kompyuta: mstari mmoja kwa kila mshororo, safu moja kwa kila chapa. Matini msingi ikae kushoto. Usinakili matini ya chapa ya pili yote. Andika tofauti tu, pengine pabaki wazi. Mmoja asome kwa sauti, akitamka hata koma, nukta-mkato na herufi kubwa, mwenziwe afuate kwa kidole kwenye chapa nyingine. Mishororo 100 kwa saa ni mwendo wa haki. In Memoriam ina karibu mishororo 2,900, kwa hiyo hesabuni saa 29 kwa kila chapa, na kufikia saa ya pili kwa siku macho huanza kusoma yanachokitarajia badala ya kilichopo. Simameni hapo. Rudieni siku nyingine mkibadilishana nafasi. Mzunguko wa pili huleta tofauti ambazo wa kwanza haukuziona, kila mara.

Mkimaliza, tenganisheni tofauti za maneno na tofauti za vituo. Maneno kwa kawaida ni ya mtunzi. Vituo vinaweza kuwa vya mpanga herufi kiwandani, aliyekuwa na kanuni za nyumba yake. Usijenge hoja juu ya koma hadi uwe na mswada au nakala ya kusahihishia inayoonyesha mkono wa mshairi.

Mtaniambia: miswada iko Cambridge na London, sisi tuko hapa. Ni kweli, ila mengi yanapatikana kwa picha. Maktaba za mtandaoni za Internet Archive na HathiTrust zina chapa nyingi za karne ya 19 bure, ingawa HathiTrust huvifungua baadhi ya vitabu kwa walio Marekani tu. Tumieni picha za kurasa, msitumie maandishi yaliyotolewa na mashine. Mashine husoma cl kuwa d, rn kuwa m, h kuwa b. "Clear" hugeuka "dear", na sentensi ikabaki na maana, ndiyo maana kosa halionekani. Hufuta italiki. Hunyoosha pambizo, na kwa mashairi haya pambizo ni habari: katika In Memoriam mishororo ya pili na ya tatu huingizwa ndani kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo yenye kina kimoja, na ya kwanza na ya nne ina kina chake. Jicho linauona mpango wa vina kabla ya sikio.

Wanaotumia toleo la kitaalamu nao wawe macho. Miswada ya Tennyson iliyoko Trinity College, Cambridge, ilitolewa na mwanawe mwaka 1924 kwa sharti kwamba isinakiliwe wala isinukuliwe. Sharti liliondolewa 1969, mwaka uleule Christopher Ricks alipotoa toleo lake kubwa la mashairi ya Tennyson. Toleo lake la 1987, majalada matatu, ndilo lililoifaidi miswada hiyo. Mwanafunzi anayekuta la 1969 maktabani na kudhani amemaliza, amemaliza nusu.

Nije kwenye mizani, maana hapa Mswahili ana faida na hatari kwa pamoja. Anayeujua utenzi atafurahi kukuta In Memoriam ina beti za mishororo minne, silabi nane kila mshororo. Mizani nane kwa nane, kama utenzi! Vina tu ndivyo tofauti: utenzi unafunga vitatu kwa kina kimoja na kuacha cha nne kiwe bahari ya shairi zima, Tennyson anafunga viwili vya nje na viwili vya ndani. Furaha hiyo isiwapoteze. Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho na hauhesabiwi katika mizani. Kwao mkazo ndio mizani. Silabi ni idadi inayoufuata. Mwanafunzi anayehesabu silabi peke yake ataandika kwamba mshororo fulani "una kasoro ya mizani" kumbe mshairi ameuhamisha mkazo kwa makusudi, akaanza na silabi nzito.

Kosa la pili hutoka kwa wahariri wa kisasa. Mshairi wa wakati ule akitaka flashed isomwe silabi moja, mara nyingi aliandika flash'd. Akitaka isomwe mbili, aliweka alama juu ya e. Toleo la kisasa likiondoa apostrofi na alama ili ukurasa upendeze, limeondoa maelekezo ya kusoma. Kwa Gerard Manley Hopkins ni zaidi. Yeye katika mashairi yake mengi aliacha kuhesabu silabi, akahesabu mikazo tu, na miswada yake ina alama za kuionyesha. Alifariki Dublin mwaka 1889 karibu bila kuchapwa. Rafiki yake Robert Bridges aliyatoa mashairi hayo mwaka 1918, nakala 750, na si alama zote zilizoingia kwenye chapa. Mizani ya Hopkins haipimwi kwa matini ya mtandaoni. Tafuteni picha za mswada, au msimguse mizani.

Kuhusu nafsineni nitasema machache, kwa kuwa mlifundishwa tangu sekondari. Monolojia za Robert Browning zina msemaji ambaye si Browning, na mtawala anayemwonyesha mgeni picha ya marehemu mkewe si mtunzi. Hilo mnalijua. Ambalo mara nyingi halijulikani ni kwamba shairi hilo lilipotoka 1842 halikuitwa My Last Duchess. Liliitwa Italy, likiwa pacha wa jingine liitwalo France. Msomaji wa kwanza aliambiwa nchi, sisi tunaambiwa mke. Anayeandika kuhusu mapokezi ya shairi hilo mwaka 1842 lazima asome chini ya kichwa cha 1842.

Umebaki uhakiki wa wakati huo, ambao wengi huunukuu kizembe. Sehemu kubwa ya uhakiki katika majarida hadi nusu ya kwanza ya utawala wa Victoria ilitoka bila jina. Usiandike "Quarterly Review lilimdharau Tennyson" ukaishia hapo. Makala ya Aprili 1833 iliandikwa na John Wilson Croker, mtu wa siasa mwenye ugomvi wake. Na lakabu nazo zipo. Oktoba 1871 makala katika Contemporary Review ilimshambulia Dante Gabriel Rossetti na wenziwe kwa kuandika ushairi "wa mwili", na jina lililowekwa chini yake ni Thomas Maitland. Hakuwepo Maitland. Alikuwa Robert Buchanan, mshairi mshindani, ambaye ndani ya makala hiyo alijitaja pia kwa jina lake halisi. Rossetti akamjibu katika Athenaeum Desemba ya mwaka huo.

Kwa kuwafichua waandishi hawa chombo kikuu ni Wellesley Index, majalada matano yaliyotoka kati ya 1966 na 1989. Kijueni mipaka yake: kinashughulikia majarida ya kila mwezi na ya robo mwaka, hakikuorodhesha mashairi yaliyochapwa humo, na hakina magazeti ya kila wiki kama Athenaeum au Saturday Review. Kwa Athenaeum kuna nakala za ofisi ambazo mhariri aliandika kwa mkono jina la kila mchangiaji, nazo zimehifadhiwa London, katika chuo kikuu kilichokuwa kikiitwa City University. Na mkipata jina, angalieni limepatikanaje: kwa daftari la malipo, kwa barua, au kwa kubahatisha mtindo. Daftari la malipo ni bora kuliko yote, kwa kuwa mhasibu hana sababu ya kudanganya kuhusu nani aliyekuja kuchukua fedha.

Mwisho, sentensi tatu ambazo kila mmoja wenu aziandike kabla ya sura ya kwanza ya tasnifu yake. Ya kwanza itaje toleo, mhariri na mwaka wa matini anayoinukuu. Ya pili itaje mfumo wa namba anaoufuata, kwa mfano In Memoriam ya sehemu 131. Ya tatu iseme ni chapa zipi amezilinganisha mwenyewe na zipi amezipokea kutoka kwa mhariri. Ziwekeni ndani ya matini, wala si katika tanbihi, kwa herufi za kawaida, na mziandike sasa kabla ya kunukuu mshororo wa kwanza, kwa sababu kurekebisha namba za nukuu 200 wiki moja kabla ya kukabidhi ni kazi isiyo na mshahara.

Ahsanteni. Maswali yaje, na kama mna picha za kurasa, leteni mbele.